Taka

Barua yangu ya kumi na moja ilijibiwa siku ileile.
"Tunaomba picha," waliandika. Nikatuma picha.
Kisha kimya,
kimya cha ukuta uliopakwa rangi jana
unaoogopa kuguswa.

Chiayi, mwezi wa tisa, jasho hata kwenye kope.
Nina shahada, nina cheti cha ualimu,
nina miaka sita ya chaki mapafuni
na mume anayehesabu wadudu wa mpunga maabara
mpaka usiku wa manane.
Nikipita shule za masomo ya jioni
namwona mwalimu wao bangoni:
nywele za manjano, meno thelathini na mawili,
kidole juu kama anayeonyesha ndege.
Niliulizia. Hayupo. Ni picha ya kununuliwa.
Lakini nafasi yake haiko wazi.

Bwana Liao, mwenye shule juu ya duka la miwani,
alinipa chai, akanipa dakika arobaini na watoto kumi na wawili.
Tulihesabu, tuliruka, mmoja akacheka
hadi akamwaga maziwa ya soya.
Baadaye alishika kikombe kwa mikono miwili:
"Unafundisha vizuri sana. Wazazi, lakini."
Akaishia hapo.
Niliisahihisha sentensi yake nikishuka ngazi:
kiima kipo,
kiarifu kimemezwa.

Basi nikaenda kwenye taka.
Nyuma ya hekalu kuna banda la bati,
Jumanne na Ijumaa wanawake wa rika la mama yangu
huchambua chupa za mtaa mzima, bila ujira.
Hakuna aliyeomba picha.
Nilipewa glavu, kofia, na kigoda kilichopungua mguu.
Bibi Tsai akanionyesha: kizibo huku, chupa kule,
kibandiko king'oe chote, usibakize hata gundi.

Akanifundisha kununua na kuuza.
Kwao ni neno moja: la kununua huinama bondeni,
la kuuza huanguka kama kisu.
Mara tatu nimekwenda sokoni kununua tofu,
mara tatu nimemuuzia muuzaji tofu yake mwenyewe.

"Na kwenu," akauliza, akiinua mfuko uliotuna,
"hizi mnaziitaje?"
"Taka."
"Na ukitamani kitu?"
"Nataka."
Akanyamaza. "Sauti haipandi? Haishuki?"
"Haipandi, haishuki."
Alicheka mpaka akavua barakoa kufuta macho,
akawatafsiria wenzake kwa Kitaiwani,
na benchi zima likashika:
nataka taka, nataka taka,
chupa zikiruka kapuni kwa zamu.
Mimi sikucheka mara moja.
Nilikuwa nimelisema neno hilo maisha yangu yote
bila kusikia kwamba lina chumba cha pili.

Ijumaa ile akaja na mjukuu, Po-yu, miaka minane,
asiyependa Kiingereza wala samaki.
Tulikaa juu ya marobota ya magazeti,
tukasoma vibandiko kabla havijang'olewa:
maji, chai, tikisa kwanza, weka mbali na jua.
Alipofika "weka mbali na jua" akaivuta chupa kivulini
akanitazama kama nimempa ufunguo.
Mshahara wangu: mapera manne
na unga wa plamu wa kuchovya.

Jana Bwana Liao alipiga simu.
Kuna saa nne kwa wiki, kwa mtandao,
kamera ikiwa imezimwa.
"Sauti yako ni nzuri," alisema,
na nadhani alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.
Nilikuwa nimebana simu kwa bega, glavu zinachuruzika.
Bibi Tsai aliniuliza kwa nyusi.

Nilikuwa na maneno machache ya kuchagua.
Nikachukua lile la dukani,
la kukataa mfuko wa nailoni:
Sitaki.
Safari hii sauti ilianguka mahali pake.

Kodi ya nyumba ni tarehe tano.
Nikaokota chupa nyingine.